Kuuliza si ujinga: wabunge, mawaziri, na watu wetu wenye wako mu buloko



Mu mkutano wetu wa mwisho kulitokea mabishano. Mtunza sanduku alisoma hesabu, na tukaona kwamba feza nyingi ya sanduku la matata haikuenda ku matanga wala ku hospitali, sawa vile tumezoea. Ilienda ku bukari. Bukari, maharagi na mafuta, vyenye bamama zetu wanabeba kila juma kupelekea watoto na waume wenye wamefungwa na bado hawajahukumiwa. Mama mmoja akasimama, akasema: "Siye tunalipa kotizasio, tunapeleka chakula, tunarudia ku nyumba. Mwaka inapita. Nani anaulizaka minisitiri juu ya ile mambo?" Mzee mmoja akamujibu: "Badepite njo kazi yabo kuuliza." Kijana mmoja akacheka: "Banauliza, anajibu, banapiga makofi, bote banaenda kula."

Mama hakucheka. Komite ikatupatia kazi: tuandike mu gazeti letu historia ya jambo hili tangu mwanzo, ili kila mtu ajue mlango uko wapi, nani aliufungua, na nani aliufunga. Tumesoma sheria, tumeongea na wazee, na haya njo tumepata.

MASWALI YA KWANZA YALIULIZWA MBALI NA SISI

Watu wa kwanza kuuliza mawaziri juu ya mateso ya Kongo hawakukaa Kongo. Walikaa Bruxelles. Wakati inchi yetu ilikuwa mali ya mfalme Léopold wa Pili, mbunge mmoja wa Ubelgiji, Émile Vandervelde, alisimama mu bunge la kwao mwaka 1903, na tena mwaka 1906, akaomba serikali ieleze mabaya yenye yalifanyika mu biashara ya kauchu. Serikali ilikuwa na jibu lake: Kongo ni dola ingine, Ubelgiji haihusiki. Lakini maswali hayakuisha. Pamoja na kelele zenye zilitoka Uingereza, yalisaidia kumwondolea mfalme ile mali, na mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua Kongo kuwa koloni.

Tangu pale, kwa sheria ya tarehe 18 Oktoba 1908, Waziri wa Makoloni alipashwa kujibu mbele ya bunge la Ubelgiji. Mbunge wa Bruxelles aliweza kumuuliza juu ya fimbo, juu ya buloko, juu ya kazi ya kulazimishwa. Lakini mfanyakazi wa hapa Elisabethville mwenye alipigwa fimbo hakuwa na mbunge wake. Hakupiga kura, hakuandika mukanda kwa mtu. Swali juu yake lilitegemea roho nzuri ya mtu mwenye hajamuona hata siku moja.

Tukumbuke jambo lingine la wakati ule. Kitabu cha sheria za azabu chenye waamuzi wetu wanatumia mpaka leo kina mzizi wake mu dekreti ya tarehe 30 Januari 1940. Kimebadilishwa mara nyingi, lakini nyumba ni ile ile, tumepaka tu rangi na kuongeza vyumba. Nyumba ile haikujengwa na wabunge wetu.

MLANGO UNAFUNGULIWA, MLANGO UNAFUNGWA

Uhuru ulileta bunge la kwetu. Sheria ya msingi ya tarehe 19 Mei 1960 iliweka Baraza la Wabunge lenye watu 137, na Seneti. Kwa mara ya kwanza Mukongo aliweza kumuuliza waziri Mukongo, na kumwondoa kwa kura. Kwa bahati mbaya, nafasi ilikuwa fupi. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga yetu ilijitenga. Mwezi wa Septemba Mobutu, akiwa mkubwa wa jeshi, akaweka wanasiasa pembeni. Bunge likarudi 1961, likafungwa tena na Rais Kasavubu mwaka 1963. Kisha, tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu akachukua utawala wote, na mwezi wa tatu wa 1966 akajipatia pia mamlaka ya kutunga sheria.

Kwa nini tunahesabu hizi tarehe? Kwa sababu ya jambo lenye lilifuata nyuma ya miezi mbili. Juma la Pentekoste 1966, watu wane walishikwa: Évariste Kimba, mwana wa Katanga, mwenye alikuwa Waziri Mkuu, pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, wenye walikuwa mawaziri. Walipelekwa mbele ya tribinali ya jeshi yenye iliundwa kwa ajili yao. Mambo yakaisha haraka sana. Tarehe 2 Juni 1966 wakanyongwa Kinshasa mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Leo uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa unaitwa kwa jina lao, Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste.

Nani angeuliza? Bunge halikuwa tena na nguvu. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati ule aliitwa Étienne Tshisekedi. Mushike hilo jina, tutalikuta tena mara mbili, na kila mara likiwa upande tofauti.

MIAKA YENYE WAZEE WANAKUMBUKA

Miaka kumi na zaidi hakuna waziri mwenye aliogopa swali. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila Muzairwa alizaliwa ndani yake. Lakini nyuma ya vita vya Shaba na shida ya feza, Mobutu alilazimishwa kufungua dirisha kidogo. Wabunge wa uchaguzi wa 1977, mu lile bunge lenye liliitwa Baraza la Sheria, wakapata ruhusa ya kuita makomisa wa serikali, ni kusema mawaziri, na kuwauliza mbele ya wote. Wazee wetu wanasema watu walizungumzia maswali yale mu soko na mu basi sawa vile leo tunazungumzia mechi ya Mazembe na Lupopo. Waziri mwenye alizoea kupigiwa ngoma alipashwa sasa kueleza feza ilienda wapi.

Swali gumu kuliko yote lilikuwa la damu. Mwezi wa saba wa 1979, huko Katekelayi na Luamuela mu Kasai, askari waliua vijana wenye walikuwa wanachimba almasi. Wabunge wa Kasai, na kati yao Étienne Tshisekedi yule yule, walidai bunge litume komisio ya kuchunguza: nani alitoa amri, wangapi walikufa, nani ataazibiwa? Serikali haikutaka. Na mwaka 1980 Mobutu akafunga lile dirisha: kuita mawaziri mbele ya bunge kukakatwa.

Wabunge 13 hawakunyamaza. Mwisho wa 1980 waliandikia Mobutu mukanda mrefu wa kurasa 52, wakimwambia mabaya ya utawala wake. Mmoja wao alikuwa mwana wa hapa kwetu, Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Walishikwa, wakafukuzwa mu bunge, wakatumwa mu vijiji vya mbali. Mwaka 1982, nyuma ya kuunda chama cha UDPS, Tshisekedi na wenzake walihukumiwa miaka 15 ya buloko. Mtu mwenye alikuwa waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1966 akajua sasa vile korti yenye inafuata amri inahukumu.

Hatuandiki haya kwa kutukuza mtu. Kyungu, mwenye alikuwa jasiri mwaka 1980, njo alikuwa gavana wa Katanga mu miaka ya 1990, wakati maelfu ya ndugu zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala ku gare, wakafa njiani. Kati ya wanachama wetu kuna jamaa zenye hazijasahau. Tunachosema ni kimoja tu: mtu akiwa na cheo anasahau upesi maswali yenye yeye mwenyewe alikuwa anauliza jana. Kwa hiyo haifai kutegemea roho ya mtu. Tunahitaji sheria yenye inamlazimisha kujibu.

TULIKUWA NG'AMBO

Wakati vita vilifika kwetu, sisi tulivuka. Wengine walivuka Tanganyika, wengine Ziwa Moero, wengine kwa miguu. Pweto ilipoanguka mwezi wa kumi na mbili wa 2000, makumi ya maelfu walikimbia juma moja. Zambia ilitupokea Mwange na Kala, na wengine Meheba. Tulirudi kidogo kidogo, na wengi kwa safari zenye HCR ilipanga kati ya 2007 na 2010.

Tukiwa kule, hapa inchini azabu ilikuwa mu mikono ya jeshi. Tangu 1997 kulikuwa Korti ya Jeshi yenye ilihukumu hata raia, na mtu hakuweza kukata rufaa. Watu wengi walihukumiwa kufa, na wengi waliuawa kweli. Wa mwisho wenye tunajua walikuwa watu 15, Kinshasa, mwezi wa kwanza wa 2003. Mwaka ule ule korti ile ikaondolewa, na serikali ikaacha kutekeleza azabu ya kifo. Iliacha tu, sheria yenyewe ilibaki. Waamuzi waliendelea kutamka kifo, na mtu aliendelea kukaa mu buloko miaka na miaka.

Wanachama wetu wa upande wa Pweto wanajua vizuri namna haki ya jeshi ilivyofanya kazi. Mwezi wa kumi wa 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi likakuja kuwafukuza, na Umoja wa Mataifa ukahesabu watu kupita 70 wenye walikufa, wengine wao raia wenye waliuawa bila kosa. Watu wakavuka tena ziwa. Kesi ilihukumiwa hapa Lubumbashi, mu tribinali ya jeshi. Tarehe 28 Juni 2007 ikasema: juu ya mauaji ya Kilwa, hakuna mwenye kosa.

Kisha kesi ya Gédéon Kyungu Mutanga, mkubwa wa Mai-Mai wa Mitwaba na Manono, fasi yenye watu waliita pembetatu ya kifo. Alijitoa 2006, akahukumiwa kifo mwezi wa tatu wa 2009, Kipushi, juu ya makosa dhidi ya ubinadamu. Tukasema, sasa njo haki. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walifika ku buloko ya Kasapa, na Gédéon akatoka pamoja na wafungwa karibu 1,000. Mwaka 2016 akajitoa tena, na serikali ikamweka mu nyumba hapa mjini. Mwezi wa tatu wa 2020 akatoroka tena.

Na Kasapa yenyewe, tarehe 25 Septemba 2020, iliwaka moto. Wafungwa walishika buloko siku tatu. Wanawake wenye walikuwa ndani walibakwa, tena na tena, na walinzi hawakuingia kuwakomboa. Buloko ile ilijengwa kwa watu mia chache. Siku ile ilikuwa na karibu 2,000, na wengi kati yao walikuwa bado hawajahukumiwa.

Kwa kila moja ya haya, kuna swali la waziri. Nani alilinda mlango? Kwa nini watu wanapita kipimo? Waathirika watapewa nini? Waamuzi wa Kilwa na wa Kipushi hawawezi kujibu hayo. Waziri njo anapashwa kujibu.

NGAZI ZA KUULIZA

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilirudisha mlango, na iliuandika wazi. Kifungu cha 138 kinapatia wabunge na masenata njia tano. Ya kwanza ni swali la mdomo ao la kuandika, na ao bila mabishano. Hakuna kura nyuma yake. Ya pili ni swali la habari ya siku hizi. Ya tatu ni interpelasio: waziri anaitwa kujieleza. Ya ine ni komisio ya uchunguzi, ile yenye wabunge wa 1979 walikatazwa. Ya tano ni kumsikiliza waziri mu komisio ya bunge. Mambo ya haki yanaenda mu komisio ya siasa, utawala na sheria, yenye inaitwa PAJ.

Ngazi ya juu iko mu vifungu vya 146 na 147. Bunge la Taifa lina watu 500. Moja ya kumi wakitia sahihi, ni kusema 50, wanaweza kuleta mosio ya kumwondoa waziri mmoja. Kwa serikali yote inaomba robo moja, watu 125. Wanangoja saa 48, kisha kura. Inapashwa kupata zaidi ya nusu ya wabunge wote, 251. Hii si hadithi tu. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 walipiga kura ya kuangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba, na yeye mwenyewe siku zile alikuwa hapa Lubumbashi. Lakini kila mmoja wetu anajua ile kura ilikuwa juu ya kubadilisha wingi wa bunge. Bukari ya wafungwa haikutajwa.

Kijana wetu mwenye alicheka, hakukosa sana. Wingi wa wabunge na mawaziri wanatoka mu muungano mmoja, na mtoto haulizi baba kwa ukali wakati chakula bado kiko mu sahani. Hata vile, swali lenye limeulizwa linaandikwa. Jibu linaandikwa. Kesho mtu mwingine atalisoma.

AZABU YA KIFO: KARATASI BILA KURA

Mfano wa karibu ni huu. Mwezi wa kumi na moja wa 2010, Bunge la Taifa lilipelekewa pendekezo la kufuta azabu ya kifo. Likalikataa. Kwa hiyo wabunge waliacha mambo vile yalikuwa: kifo mu kitabu, lakini si mu matendo.

Tarehe 13 Machi 2024, Waziri wa Haki Rose Mutombo alitia sahihi ku karatasi ya kuarifu waamuzi na maparke kwamba serikali inaanza tena kutekeleza. Karatasi ilitaja wasaliti mu jeshi, na ujambazi wa mu miji wenye unaua watu. Rais wakati ule ni Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne. Hatusemi baba angefanya nini. Marehemu hatuwezi kumuuliza. Tunasema tu kwamba jambo la kumuondolea mtu uhai, mu inchi yenye Katiba yake inasema mu kifungu cha 16 kwamba mtu ni mtakatifu, lilirudishwa bila kura hata moja ya mbunge. Kuacha 2003 kulifanywa bila kura. Kurudisha 2024, bila kura. Kwa hiyo kwa mbunge ilibaki njia moja tu ya kuweka neno lake: kumwita waziri na kumuuliza.

Na kulikuwa mambo mengi ya kuuliza. Tarehe 2 Septemba 2024, usiku, wafungwa walijaribu kutoka mu buloko ya Makala, Kinshasa. Serikali ilitangaza watu 129 wenye walikufa, 24 kwa risasi, wengine kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Waziri wa Haki alikuwa sasa Constant Mutamba. Mwanzo wa 2025, vijana wenye walihukumiwa kama kuluna, zaidi ya 100, walipelekwa ku buloko ya Angenga, na tangazo kwamba watanyongwa. Wengine mu mji walishangilia, na tuseme kweli, hata mu mikutano yetu kuna wenye walishangilia. Mama mwenye mtoto wake amekatwa na panga Katuba ao Kenya hana nguvu ya kusikiliza mafundisho ya Katiba. Tunamuelewa. Lakini sisi wenye tuko na watoto mu buloko bila hukumu, tunajua namna mtu anaweza kushikwa kwa sababu alipita tu fasi mbaya saa mbaya bila kadi mfukoni.

Nyuma yake upepo uligeuka. Tarehe 29 Mei 2025 Bunge la Taifa liliruhusu uchunguzi juu ya Mutamba, na tarehe 15 Juni likaruhusu ashitakiwe. Kwa waziri, kifungu cha 166 kinataka kura ya wingi wa wabunge wote. Akajiuzulu. Tarehe 2 Septemba 2025, mwaka moja kamili nyuma ya Makala, Korti ya Kasasio ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu juu ya dola milioni 19 zenye zilitolewa kwa kujenga buloko mpya Kisangani. Feza ile ilitoka mu fungu la waathirika wa vita, ile yenye Uganda inalipa nyuma ya hukumu ya Korti ya Haki ya Kimataifa ya 2022. Wafadhili wetu, musome hiyo sentensi mara mbili: feza ya watu kama sisi.

Mwaka ule ule, tarehe 22 Mei, Seneti iliondoa kinga ya rais wa zamani Joseph Kabila, na tarehe 30 Septemba Korti Kuu ya Jeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwa pale. Shirika letu si la politiki, na wanachama hawana wazo moja juu ya jambo hili. Tunaona tu vile azabu yenye ilirudishwa juu ya majambazi na askari ilipanda haraka mpaka juu kabisa. Sheria ya azabu ni kama mvua, haichagui paa.

Kule tulikotoka, Zambia, walienda njia ingine. Mwezi wa kumi na mbili wa 2022 walifuta azabu ya kifo, kwa sheria yenye bunge lilipitisha na Rais Hichilema akatia sahihi. Na Ijumaa, bunge la Lusaka likikutana, wabunge wanapata nafasi ya kumuuliza Makamu wa Rais maswali ya papo kwa hapo. Zambia ina shida zake, tunazijua, tulilima mashamba yao. Lakini pale mabadiliko yalipitia mlango wa bunge.

NAMNA WAZIRI ANAVYOKWEPA, NA NAMNA YA KUMSHIKA

Majibu ya mawaziri yanafanana. La kwanza: "Dosie iko mu mikono ya waamuzi, siwezi kuingilia." Mara ingine ni kweli, kifungu cha 151 kinamkataza kuamuru mwamuzi. Lakini parke si mwamuzi. Tangu Katiba ilipobadilishwa mwezi wa kwanza wa 2011, parke haihesabiwi tena mu mamlaka ya waamuzi, na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inaiweka chini ya Waziri wa Haki. Kifungu cha 18 kinasema polisi haiwezi kushika mtu kupita saa 48 bila kumpeleka mbele ya mkubwa wa sheria. Kwa hiyo tusiulize "kwa nini fulani alihukumiwa?" Tuulize "kwa nini fulani hajafikishwa mbele ya mwamuzi?" Hilo waziri hawezi kulikimbia.

La pili: "Feza hakuna." Bajeti inapigiwa kura na wabunge wenyewe. Mbunge anaweza kuuliza: tulipiga kura ya kiasi gani kwa chakula cha wafungwa, na kiasi gani kilitoka? Namba inaogopesha waziri kuliko matusi.

La tatu: "Tumeunda komisio." Basi mbunge aulize tarehe ya ripoti.

Na tusikosee mlango. Wabunge wa jimbo wenye wanakutana hapa mjini, ku Bâtiment du 30 Juin, wanaweza kuuliza serikali ya Haut-Katanga juu ya usalama wa mitaa. Lakini sheria ya azabu na utaratibu wa buloko ni mambo ya Kinshasa. Mukanda wetu unapashwa kwenda kwa wabunge wa taifa na masenata.

YENYE TUMEKUBALIANA

Bunge linafungua tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba. Katikati, wabunge wanarudi ku jimbo, na wanapashwa kuandika ripoti ya yale watu waliwaambia. Wengi wanakuja, wanakunywa soda na watu wakubwa, wanarudia. Safari hii watatukuta na karatasi.

Kila jamaa yenye iko na mtu mu buloko ilete kwa katibu mambo matatu: tarehe ya kushikwa, tarehe ya mwisho aliona mtu wa parke ao mwamuzi, na namba ya dosie. Majina hatutaandika mu gazeti. Mbele ya tarehe 15 Machi tutaweka yote ku karatasi moja, na maswali matatu: wangapi wamepita muda wa sheria bila hukumu? Feza ya chakula chao ilienda wapi? Lini bunge litajadili na kupiga kura lenyewe juu ya azabu ya kifo? Tutapelekea wabunge wetu wote wa Lubumbashi, bila kuchagua chama, na tutaandika mu gazeti hili nani alipokea, nani aliuliza, na waziri alijibu nini.

Bukari itaendelea. Mama mwenye aliuliza swali lake mu mkutano alipeleka chakula tena juma lililopita, na sanduku lililipa. Lakini alipofika kwa katibu na tarehe zake tatu ku kipande cha karatasi ya daftari, alisema: "Sasa ninajua ya kuuliza." Wazee walisema kuuliza si ujinga. Tunaongeza kwamba kuuliza kuko na njia yake, na njia hii ililipiwa na watu wenye walifungwa mbele yetu.